Gari Lililogoma Kamidani

Kazi yangu ni kuwapandishia watu duka mlimani. Wazee wa Kamidani hawashuki tena mjini: basi liliondolewa, magoti yamechoka, na leseni zao za udereva wengi wamezirudisha wenyewe kabla hawajaangusha gari mtoni. Kwa hiyo duka ndilo linalowafuata. Gari langu ni dogo, lina rafu ubavuni na friji kwa nyuma. Napakia tofu, samaki, mayai, maziwa, natto ya soya iliyochachushwa, sabuni, betri za redio, na maua ya kupeleka makaburini. Nikifika kituoni nafungulia wimbo kwenye spika, akina bibi wanatoka na vigari vyao vya kusukuma, tunapiga soga, wananunua, nafunga milango naelekea kitongoji cha mbele.

Kiangazi kile gari lilinitesa. Asubuhi nikigusa ufunguo tu, limewaka. Lakini nikiwa njiani, nikizima injini niuze kidogo halafu niiwashe tena, haitaki. Stata inazunguka mpaka betri inalia, harufu ya petroli inanipanda puani, kisha likijisikia ndipo linashtuka na kutema moshi mweusi kama tanuri la mkaa. Na petroli lilikuwa linabugia kama mlevi aliyealikwa harusini. Fundi wangu wa mjini, Kazama, kijana mpole asiyechoka kusikiliza, alibadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akaliunganisha na mashine yake ya kusomea makosa. Halikuandika kosa lolote. Hata taa ya onyo kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka. "Dada Natsue, kwangu linawaka vizuri kabisa," akaniambia kwa huruma, na kweli, kwake liliwaka kila mara.

Nilikuwa nimechoka. Nilirudi huku kutoka Osaka kumuuguza mama, na mama alipofariki, nikabaki na gari na barabara ya milimani. Mwezi huohuo nilikuwa nimeahidiwa kazi katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee kule mjini. Jiko lenye kiyoyozi, saa za kueleweka, Jumapili mapumziko. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilijiambia nitawaaga baada ya sikukuu ya wafu, wajukuu wakiwa wamekuja, ili maneno yangu yapotee katikati ya shangwe.

Basi siku hiyo jua lilikuwa kali hata nyenze walikuwa wanapiga kelele kama wanagombana. Nilisimama Kamidani mbele ya ukumbi wa kitongoji, nikauza, nikafunga milango, nikageuza ufunguo. Stata ikazunguka. Injini kimya. Nikajaribu tena, kimya.

"Limekufa?" akauliza Bibi Kinu, ambaye alikuwa bado amesimama pale na tofu yake mkononi.

"Limezimia tu, mama."

"Mtu akizimia unammwagia maji."

"Limwagie maji uliue kabisa!" akadakia Bibi Sawa. Hawa wawili wameishi nyumba za kutazamana tangu walipoolewa na ndugu wawili, na sijawahi kuwaona wakikubaliana hata juu ya hali ya hewa. "Muite Torao. Yule amefanya kazi gani maisha yake yote kama siyo kugombana na mainjini?"

Mzee Torao hakuhitaji kuitwa. Alikuwa fundi wa winchi katika kampuni ya kukata magogo enzi ambazo mlima huu ulikuwa na watu, na sauti ya stata inayohangaika ilimtoa nyumbani kama kengele ya zimamoto. Alikuja na kisanduku cha spana, kandambili miguuni, taulo shingoni.

"We binti, unaiua betri. Acha!"

Nina miaka hamsini na kitu, lakini kwake mimi ni binti. Nikaacha. Akafungua, akachomoa plagi moja, akaitazama, akainusa.

"Imelowa chapachapa. Nyeusi. Injini hii imekunywa petroli mpaka imepaliwa." Akaifuta kwa taulo lake la shingoni. "Ni pampu. Pampu inasukuma kupita kiasi."

Akakausha plagi zote, akazirudisha, nikageuza ufunguo. Injini ikaguguma, ikatoa wingu jeusi lililomfunika Bibi Sawa na kigari chake, ikafa.

"Pampu hiyo," akasema Bibi Sawa akikohoa, "au ni wewe?"

Hapo nikakumbuka friji. Friji la gari hutegemea injini. Injini ikilala muda mrefu, baridi nayo inalala. Nilikuwa na samaki wa watu wa Hinoura, kitongoji cha juu kabisa, na aiskrimu ya sanduku zima iliyoagizwa na ukumbi wao kwa ajili ya wageni wa sikukuu. Jua lilikuwa linachoma bati la gari hadi lisishikike.

"Aiskrimu haisubiri fundi," akasema Bibi Kinu. "Ilete hapa. Ile itakayoanza kulia, tunaila. Hinoura tutawaomba msamaha."

"Na samaki?"

"Samaki wataingia kwenye friza kwangu. Beba!"

Nikabeba kreti, yeye akitangulia. Lakini tulipofika mlango wa jikoni akasimama ghafla, akageuka, akaziba mlango kwa mwili wake mdogo.

"Aa, nyumba chafu. Peleka kwa Sawa."

"Kwangu?" Bibi Sawa alikuwa nyuma yetu. "Friza langu limeharibika."

"Limeharibika lini? Jana si umenipa barafu?"

"Limeharibika leo!"

"Mama zangu," nikasema, "samaki wanaoza jamani," nikampita Bibi Kinu kwa ubavu, nikaingia, nikafungua friza.

Halikuwa na nafasi ya kidole. Lilijaa samaki. Makareli, vipande vya samoni, pweza, dagaa wa kukausha, vyote vimefungwa katika karatasi zangu, na vibandiko vyangu vya tarehe nilivyoviandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wa juu walikuwa wa wiki iliyopita. Chini yao wa majira ya machipuko. Chini kabisa, wamegandamana kama mawe, wa majira ya baridi. Kila wiki Bibi Kinu alikuwa akiniambia, "Niongezee hao, wajukuu wanakuja." Nami nilikuwa nikimwongezea na kuwaza, wajukuu gani hawa wanaopenda samaki hivi.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa anakunja kona ya aproni yake.

"Funga friza," akasema. "Baridi inatoka."

"Mama Kinu, samaki wote hawa..."

"Na kwangu msiende!" Mzee Torao alipiga kelele kutoka nje, ambako hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Bibi Sawa akaketi kwenye kizingiti, akavuta pumzi. "Haya, mwambieni sasa. Ameshaona."

Kisha akaniambia yeye mwenyewe. "Yule aliyekuwa anakuja na gari kabla yako aliacha kwa sababu tulikuwa hatununui. Watu wachache, matumbo madogo, tunakula kama ndege. Alikuja mara ya mwisho akauza kipande kimoja cha tofu kutwa nzima. Hakurudi. Ulipoanza wewe tukakaa hapo ukumbini tukakubaliana: huyu asirudi chini na gari limejaa. Hata kama hatuna haja."

"Ndiyo kitu pekee walichowahi kukubaliana hawa," akasema Mzee Torao, ambaye sasa alikuwa amefika dirishani.

"Na wewe?" nikamuuliza. "Kila wiki unanunua natto, na kila wiki unaniambia inanuka kama soksi za mkata magogo."

"Inanuka, ndiyo. Naiweka kwenye figili. Mbolea nzuri sana ile."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikaegemea sinki. Bibi Kinu akanishika kiwiko, akasema kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie, ingawa walisikia, "Na habari za lile jiko la mjini tunazo. Binamu yake Sawa anafua mashuka kule. Hatukutaka kukuzuia, mwanangu. Mtu ana maisha yake. Tulitaka tu ukiondoka uwe umeondoka kwa kupenda, siyo kwa kukosa wanunuzi."

Nilisema "asante," na neno lenyewe likatoka limevunjika vipande. Kwa miaka yote nilijiona mimi ndiye ninayewabeba. Nilipanda huku nikiwahesabia fadhila: nawaletea, nawatunza, nawahurumia. Kumbe wao walikuwa wanalisukuma gari langu kwa mikono yao, wiki baada ya wiki, kwa pensheni yao, bila hata kunitazama usoni.

"Kulia hakugandishi samaki," akasema Bibi Sawa, na macho yake yakiwa mekundu vilevile. "Kinu, toa hao wazee wa chini, tuwachome. Wapya waingie."

Ndivyo ilivyokuwa. Jiko la mkaa likawashwa uani, makareli wa majira ya baridi wakapangwa juu ya wavu. Nami nikampigia simu Kazama.

Nilimweleza yote: plagi zimelowa, moshi mweusi, pampu anayoishuku Mzee Torao. Akasikiliza kama kawaida yake.

"Dada, injini ikiwa ya moto, mshale wa temperecha unasema nini?"

"Uko katikati. Kawaida."

"Huo mshale una sensa yake peke yake, yaani kidude cha kuhisi joto, ya kukuonyesha wewe. Kompyuta ya gari ina sensa nyingine, inayoipimia joto la maji ya injini. Kompyuta ikiambiwa injini ni ya baridi, inaongeza petroli ili iwake. Sasa kama hiyo sensa imeganda, kila saa inasema baridi, basi injini ya moto nayo inamwagiwa petroli ya asubuhi." Hapo nikamsikia akijipiga kofi. "Aisee! Unaniletea gari alfajiri kila siku, kabla hujaenda sokoni. Limelala baridi! Nikisoma kwenye mashine, sensa inasema baridi, nami naona ni kweli. Ndiyo maana haliandiki kosa. Inachosema kinawezekana. Na mimi sikuwahi kulipima likiwa limechoka njiani. Kuna mtu hapo mwenye mita ya umeme?"

Mzee Torao alikuwa ameshaisikia. Alikwenda nyumbani, akarudi na mita ya mshale, ya zamani, kwenye mfuko wa ngozi uliopauka. Nikaweka simu kwenye spika. Kazama akatuelekeza: karibu na pale bomba la rejeta linapoingia kwenye injini, kuna kidude cha shaba chenye soketi ya kijani. Nikakipata mimi, kwa sababu vidole vya Mzee Torao ni vinene mno, havipiti hapo. Nikachomoa soketi, yeye akagusisha nyaya za mita.

"Inasoma karibu elfu tatu," akasema.

"Injini bado ya moto?"

Nikagusa, nikaondoa mkono haraka. "Ya moto!"

"Basi ilitakiwa isome mia tatu hivi. Kadiri kunavyokuwa na joto, ukinzani wa umeme unapungua, na namba inashuka. Elfu tatu ni namba ya asubuhi ya baridi."

Mzee Torao akakunja uso. "Mita hii ni ya zamani kuliko huyo kijana. Labda inayodanganya ni mita. Mimi bado nasema pampu."

"Mzee, una haki ya kuwa na shaka," akasema Kazama. "Subirini injini ipoe, msije mkaungua, halafu itoeni hiyo sensa muitie kwenye maji ya moto. Mtaona wenyewe."

Tukasubiri. Tukala makareli na aiskrimu kwa zamu, chakula ambacho sidhani kama kuna daktari atakayekiruhusu. Mzee Torao alikula aiskrimu ya chai ya kijani, akasema ina ladha ya majani ya zizini, kisha akachukua nyingine. Mzee mmoja wa nyumba ya juu, mtu ambaye hutoka mara chache tangu mkewe afariki, alivutwa na harufu ya samaki, akaletewa kiti.

Injini ilipopoa, Mzee Torao akaanza kufungua sensa kwa spana. Ilipotoka tu, maji ya rejeta yakaanza kuchuruzika kwenye tundu.

"Kizibo! Leteni kizibo!"

"Kizibo cha nini?"

"Cha chochote!"

Bibi Kinu akaingia jikoni, akatoka na kipande cha figili alichokichonga kwa kisu mara tatu nne tu, akakichomeka kwenye tundu. Kikakaa kama kimezaliwa pale. "Maboga, figili, injini," akasema, "vyote ni kujua ukubwa wa tundu."

Tukaweka mabakuli mawili barazani. Moja Bibi Sawa alilijaza maji yanayochemka kutoka kwenye birika, akatumbukiza kipimajoto chake cha maji ya kuoga, ambacho kilipanda mpaka mwisho wake. La pili tukateka maji ya chemchemi, yale yanayouma meno hata katikati ya kiangazi. Nikashika sensa kwa koleo, nikaitia kwenye maji ya moto. Wote wakainama juu ya mita. Mshale ulitulia palepale. Elfu tatu. Tukangoja. Mvuke ulitulowesha nyuso. Mshale haukutikisika.

"Sasa ya baridi," akasema Mzee Torao, safari hii kwa sauti ya chini.

Nikaihamishia kwenye maji ya chemchemi. Elfu tatu vilevile.

"Kwa hiyo," akasema Bibi Sawa, "kidude hiki ukikitia motoni kinasema baridi, ukikitia barafuni kinasema baridi."

"Kama marehemu mama mkwe wetu," akasema Bibi Kinu, na kwa mara ya kwanza nikawaona hao wawili wakicheka pamoja mpaka wakashikana mabega.

Mzee Torao alikaa akiitazama sensa kiganjani. "Siyo pampu," akasema. Kisha akaitikia kwa kichwa kuelekea kwenye simu, kana kwamba Kazama anamwona. "Umeona vizuri, kijana. Enzi zetu tulikuwa na kabureta, mtu unaivuta choki mwenyewe kwa mkono. Injini ikipata moto unairudisha. Hii ni choki iliyovutwa ikasahaulika."

"Ndivyo hasa, mzee! Sikuwahi kuieleza vizuri hivyo." Kazama alionekana kufurahi kweli. "Sensa mpya naweza kuipata kesho. Lakini kwa leo, kama mna redio mbovu, kuna rezista ndani, vile vijiti vidogo vya ukinzani. Tafuteni ya mia tatu hivi, ichomekeni kwenye soketi badala ya sensa. Kompyuta itaamini injini ni ya moto, haitamwaga petroli. Mrudishe sensa kwenye tundu iwe kizibo tu. Na kesho asubuhi msiliwashe hivyo, litagoma kwa upande mwingine."

Redio mbovu Mzee Torao alikuwa nazo za kujaza kabati. Akafungua moja, akapima vijiti vyake kimoja kimoja akinong'ona, akapata alichokitaka, akakichomeka kwenye soketi na kukifunga kwa utepe mweusi. Figili ikatoka, sensa ikarudi mahali pake, tukajaza maji yaliyopungua. Plagi zikakaushwa tena kwa taulo lile lile, ambalo sasa lilikuwa halina rangi yenye jina.

Nikaketi kwenye usukani. Sikuomba miungu wa mlima, lakini Bibi Kinu alikuwa ameshapiga makofi mawili na kuinamisha kichwa kuelekea kwenye boneti. Nikageuza ufunguo, nikakanyaga mafuta kidogo.

Likawaka. Likakohoa moshi mmoja mweusi wa kuaga, kisha likatulia, likanguruma laini, na friji nyuma likaanza kuimba. Nikazima. Nikawasha. Likawaka. Nikazima tena, kwa raha tu, likawaka tena. Yule mzee wa nyumba ya juu akapiga makofi akiwa kitini.

Tulipakia samaki wa Hinoura. Aiskrimu haikuwepo ya kupakia. Kabla sijaondoka nilishuka, nikasimama mbele yao barazani, nikainama mpaka kiuno, nikakaa hivyo muda mrefu kwa sababu ningeinuka wangeuona uso wangu. Nikawaambia sitakwenda kwenye lile jiko. Nikawaambia pia kwamba kuanzia wiki ijayo atakayenunua samaki asiyemhitaji nitamrudishia pesa yake mlangoni, na kwamba badala yake wanipe figili, maboga na ndimu zao nikawauzie watu wa mjini, gari lishuke likiwa na mzigo wake halali.

"Umeanza kutuamuru," akasema Bibi Sawa.

"Acha atuamuru," akasema Bibi Kinu.

"Simkatazi. Nasema tu ameanza."

Mzee Torao alikuwa ameshafungua mlango wa upande wa pili na kukaa, kisanduku cha spana mapajani. Nilipomtazama akasema, "Nani atakaza huo utepe ukilegea njiani? Wewe?" Barabara ya Hinoura hakuwa ameipanda tangu kampuni ya magogo ilipofungwa. Kila kona alinikosoa namna ya kubadili gia, na kila kona alinionyesha mahali: hapa tulikuwa na winchi, hapa palikuwa na bweni, hapa alikaa mpishi aliyetupikia maharage machungu. Nilimsikiliza. Nilimshukuru kwa kila ukosoaji.

Tulipofika, watu wa Hinoura walikuwa wamekaa kivulini wakitungoja na birika la chai baridi ya shayiri. Hawakuuliza kwa nini tumechelewa. Walimwona Mzee Torao akishuka, na mzee mmoja mwenye fimbo akasimama polepole, akamkazia macho, akasema, "Ewe Torao! Bado hujafa?"

"Nimekuja na gari la chakula," akajibu Mzee Torao. "Aiskrimu yenu tumeila."